Mfano Ninao, Ila Si Wangu

Kazi ya Kifungua ilikuwa kusikiliza. Si kule kutega sikio ukutani kama jirani asiye na shughuli, la. Alisikiliza kwa mkataba, kitambulisho shingoni, kwenye kiti cha magurudumu, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni, siku sita kwa juma. Jioni akivua hedifoni, masikio yalikuwa ya moto kama maandazi, na mlio mwembamba ulibaki ndani ukimsindikiza hadi nyumbani.

Watu walikuwa wakizungumza na simu zao. Wengine waliiuliza njia, wengine waliituma impigie fulani, na wengi siku hizi walimuuliza daktari wa simu kwa nini mguu unavimba au mtoto hapati choo. Simu iliwajibu kwa sauti ya dada mpole, nao wakaamini wanaongea na mashine tu. Mashine ilikuwepo, si uongo. Ila ilikuwa kama mtoto wa darasa la kwanza: inasikia nusu, nyingine inabuni. Ndiyo maana kwenye ghorofa ya pili ya jengo lililokuwa zamani duka la samani, watu arobaini waliketi kwa mistari wakiisahihishia madaftari.

Sauti zilikuja kwa vipande. Kipande hakizidi sekunde thelathini. Unasikiliza, unaandika neno kwa neno, unaweka koma na nukta, na pale pasipo na neno unaweka alama kwenye mabano: kikohozi, mtoto analia, kicheko, kimya. Vipande mia nne kwa siku. Havina jina wala namba ya simu; kinakuja kilio cha mtu asiye na sura, unakiandika, kinakwenda zake, kinakuja kicheko.

Hao wasikilizaji nao walikuwa wanatazamwa. Kila mmoja alikuwa mraba mdogo kwenye kioo cha msimamizi. Mkono ukitulia sekunde tisini, mraba unageuka njano. Ukizidi, unageuka mwekundu, na wekundu unakwenda moja kwa moja kwenye barua. Msimamizi alikuwa na jina lake zuri tu alilopewa na wazazi, lakini kazini walimwita Bwana Njano, kwa sababu hukumwona mpaka mraba wako ubadilike rangi, na hapo tayari yuko nyuma ya kiti chako, anapumua.

Simu zao zilifungiwa kabatini asubuhi. Kuzungumzia ulichosikia ilikuwa marufuku. Walitia saini karatasi ndefu. Basi saa ya chai, kwa sababu mazungumzo ya kazi yamekatazwa na ya nyumbani wamechoka nayo, walitegeana vitendawili. Bingwa wao alikuwa Mwalimu, mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa miwani iliyofungwa uzi, ambaye siku nzima alipewa vipande vya vikohozi kwa kuwa aliweza kutofautisha kikohozi cha vumbi na cha moshi.

"Kitendawili," anasema Mwalimu, anapuliza chai.

"Tega."

"Nikifanya kazi hanioni. Nikipumzika tu, huyo!"

Wanacheka kimyakimya, wakitazama mlango. Jibu hawalisemi.

"Kingine hiki. Nina mgeni kwangu, hali chakula changu, lakini anajua nimekula nini."

"Simu," anasema Kifungua.

"Umepata. Leo mji nakupa wewe."

"Mji sitaki, Mwalimu. Nipe kitanda."

Kifungua halikuwa jina la kwenye kitambulisho. Mama yake alimwita hivyo kwa kuwa ndiye aliyemfungua mimba. Mdogo wake alikuja miaka kumi na miwili baadaye, wakati mama amekwisha kugawa nguo zote za kitoto, akaitwa Kitinda. Sasa wote watatu waliishi nyumba moja. Kifungua alikuwa mjane, wanawe wako makwao. Kitinda alikuwa fundi wa nguo, na akiulizwa habari za kuolewa alijibu, "Nimeolewa na cherehani. Hainipigi, inanichoma tu." Mama alikuwa na presha na redio. Presha alimeza vidonge. Redio alibishana nayo.

Siku hizo redio ilikuwa na neno moja. Kulikuwa na muswada bungeni wa kuyabana makampuni ya mitandao: yaseme yanachukua nini kwa watu, nani anasikiliza, nani anasoma. Asubuhi anaongea wa kuunga mkono, mchana wa kupinga. Mmoja anasema tumegeuzwa bidhaa. Mwingine anasema serikali ikishika kufuli ya mitandao itatufungia midomo sisi wenyewe.

"Wananisikiliza mimi?" Mama aliiambia redio. "Nani anisikilize? Humu ndani nasema kitu mara tatu hakuna anayegeuka. Huyo anayenisikiliza aje, nimpikie."

Kifungua alicheka, kisha akaenda kulala na viatu.

* * *

Kipande kile kilimjia Jumanne, tarehe nne, baada ya chai. Alikitambua kabla ya neno la kwanza, kwa ile pumzi. Kitinda akitaka kusema jambo zito huvuta pumzi kwa pua, kama mtu anayenusa nyama kujua kama imelala.

"Daktari," ilisema sauti ya mdogo wake masikioni mwake, "walinikata kinyama kidogo kwenye titi wakapime. Majibu ni Alhamisi ya tarehe ishirini, saa tatu asubuhi. Nyumbani sijamwambia mtu. Mama ana presha, na dada yangu anarudi kachoka, hata kula anakula macho yamefumba. Nilitaka kujua tu, kupona kidonda huwa kunauma hivi?"

Kisha kimya. Sekunde saba. Nyuma ya kimya kilisikika kipande cha mlio anaoujua: redio ya Mama.

Upande wa kulia wa kioo kulikuwa na kitufe kidogo cha kijivu kilichoandikwa NAMJUA. Kanuni ilisema ukitambua sauti, bonyeza hapo, kipande kitaondolewa kwako kipelekwe kwa mwingine. Kanuni nzuri ukiisikia hivyo. Lakini ukikibonyeza linafunguka dirisha: andika jina la mhusika, andika uhusiano wenu. Hapo ile sauti isiyo na jina inapata jina, tena kwa mkono wako mwenyewe. Ndiyo maana katika watu arobaini hakuna aliyewahi kukibonyeza. Walisikiliza shemeji zao, wenye nyumba wao, na mmoja alimsikiliza mchumba wake akimsifia mwingine, wakaandika, wakaweka nukta, wakaendelea.

Kifungua naye akaandika. Aliandika maneno ya mdogo wake neno kwa neno. Baada ya "Daktari" akaweka koma. Mwisho akaweka alama ya kuuliza, na baada yake kwenye mabano: kimya. Mraba wake ulikuwa umeanza kuingia njano. Akabonyeza kinachofuata, na mwanamume mmoja akaiomba simu imwamshe saa kumi na moja.

Alitaka kumwambia Kitinda jioni ile. Alimkuta akipinda pindo la suruali, sindano mdomoni, akasema, "Umechoka, dada, kaoge." Akaenda kuoga. Kesho yake alitaka tena. Angesemaje? Akisema "najua", ataulizwa umejuaje. Basi akawa anambebea maji, anamwoshea vyombo vyake, anamtazama mkono wa kushoto anavyounyanyua kwa tahadhari. Na vipande vikaendelea kuja, mia nne, mia nne nyingine, hata mambo yakachanganyika kichwani.

Wasikilizaji walikuwa na ugonjwa wao. Ukisikia maneno ya watu mchana kutwa, unafika mahali hujui hili uliambiwa usoni au lilikupitia masikioni. Mwalimu alishawahi kumpongeza mwenye duka wake kwa kuhamia nyumba mpya, na mwenye duka hajamwambia hata mkewe. Kosa hilo walilipa jina: kuvuja. Wengine wote hukosea kwa kusahau kitu. Wao hukosea kwa kusahau kwamba hicho kitu hawatakiwi kukijua.

Jumapili mchana, tarehe tisa, wako mezani. Mama alikuwa amepata mteja.

"Kitinda, mama wa bi harusi anakuja kupimwa Alhamisi, si hii, ile ya tarehe ishirini. Nimemwambia saa tatu utakuwepo."

"Saa tatu?" Kitinda akasita.

Kifungua alikuwa anatafuna huku amesinzia. "Hiyo siku hawezi, Mama," akasema, mdomo umejaa. "Ana majibu yake hospitali saa tatu. Mwambie aje mchana."

Kijiko cha Kitinda kilisimama hewani.

"Majibu ya nini?" akauliza Mama.

Kifungua akafumbua macho. Aliona uso wa mdogo wake, ndipo akajua amevuja.

"Ya jino, Mama," akasema Kitinda taratibu, bila kumwondolea dada yake macho. "Lile la nyuma. Walilipiga picha."

"Jino lina majibu siku hizi?"

"Kila kitu kina majibu siku hizi, Mama. Kula."

Baada ya vyombo Kitinda alimfuata chumbani, akarudishia mlango.

"Nani kakwambia?"

Kifungua alikaa kitandani.

"Nakuuliza wewe. Mimi sijamwambia mtu. Sijaandika popote. Aliyejua ni yule nesi wa dirishani tu, aliyeniandikia kadi." Pumzi zilikuwa zinampanda. "Ndiye. Mnasali naye pamoja, nimewaona mnasalimiana. Mungu wangu, nesi mzima anatembeza matiti ya watu barabarani! Kesho asubuhi naenda kwa mganga mkuu. Afukuzwe. Akauze karanga."

"Nesi hajasema kitu."

"Usimtetee!"

"Kitinda, kaa."

"Sikai."

"Ulimuuliza daktari wa simu kama kidonda kikipona huwa kinauma," akasema Kifungua. Sauti yake ilikuwa imechoka kiasi kwamba hata yeye aliisikia kama ya kipande. "Kile ulichosema kinakuja kwetu. Kilikuja kwangu. Mimi ndiye niliyekiandika."

Nje, Mama alikuwa akimwambia mtangazaji asimkatize mgeni.

"Yote?"

"Yote."

"Na niliposema kuhusu wewe?"

"Na hapo."

"Kwa siku ngapi umekuwa unajua?"

"Siku tano."

"Siku tano unanibebea ndoo," akasema Kitinda, "mimi nikasema dada yangu amepata moyo wa huruma. Kumbe amepata kipande." Akafungua mlango. "Mimi nilichagua mtu wa kumwambia, dada. Nilichagua mashine kwa sababu haina uso. Nisingetaka mtu anione nikiogopa. Wewe hasa."

* * *

Tangu siku hiyo simu ya Kitinda ililala ndani ya sufuria kubwa, imefunikwa mfuniko, na juu ya mfuniko kitambaa. Wateja walipopiga ilinguruma humo kama nyuki kwenye debe. Mama alishangaa, akaambiwa ina joto. Nesi hakushtakiwa. Lakini Kitinda na dada yake walisemeshana kupitia kwa Mama tu. "Mama, mwambie anayekaribia chumvi aisogeze." Mama akawa kama mkalimani asiyejua vita ni vya nini, na akaanza kumpapasa Kitinda kwa macho.

Juma zima Kifungua alikwenda kazini na kurudi. Kila kipande cha mwanamke alikisikiliza ameshika meza, akingoja ile pumzi. Haikuja tena. Kitinda hakuwa na wa kumuuliza sasa, si mashine wala mtu, na kidonda labda bado kilikuwa kinauma. Hilo ndilo lililomtafuna Kifungua. Alikuwa amemfungia mdogo wake dirisha la mwisho, na tarehe ishirini inakuja, na mtu anakwenda kuipokea peke yake.

Jumatatu jioni redio ilimleta msemaji wa kampuni ile ya ghorofa ya pili, mwenyewe, kwa sauti laini.

"Napenda kuwahakikishia wananchi," alisema, "hakuna binadamu anayesikiliza. Ni mashine tu. Kesho tutalieleza hilo mbele ya kamati ya bunge, kwenye ukumbi wa mikutano, na kila mwananchi anakaribishwa kutoa maoni."

Cherehani ikanyamaza. Kitinda alikuwa ameondoa mguu kwenye pedali.

"Mama," akasema, "mwambie mwanao wa kwanza kwamba redioni wanasema yeye hayupo."

Mama akageuka. "Kifungua, unaambiwa hupo."

Kifungua alisogeza kigoda akakaa karibu na cherehani, chini, kama mteja asiye na miadi.

"Nataka kwenda kesho," akasema. "Nikaseme kwamba nipo. Lakini watataka mfano. Mfano mkubwa nilionao ni wako. Sitataja jina. Nitasema mwanamke mmoja tu. Naomba ruhusa."

Kitinda alipitisha uzi kwenye tundu la sindano. Ilimchukua muda.

"Hapana."

"Hakuna atakayejua ni wewe."

"Mimi nitajua. Wewe utajua. Na Mama atasikia redioni, saa tatu asubuhi, tarehe ishirini, ataunganisha mwenyewe." Akamtazama dada yake kwa mara ya kwanza baada ya siku nane. "Umesikia bila ruhusa. Sasa utaniombea huruma ya watu ukumbini bila ruhusa? Nenda ukaseme. La kwangu liache."

"Bila hilo nitaonekana mwongo."

"Basi onekana."

* * *

Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki na feni tatu, moja inazunguka. Kila mtu alipewa dakika mbili. Mfanyabiashara mmoja akasema aliongea na mkewe habari za godoro, kesho yake simu ikajaa magodoro. "Mimi sikuandika godoro. Nililisema tu, tena kitandani!" Watu wakacheka. Kijana mwenye fulana iliyofuliwa mara nyingi akasema sheria hii leo ni ya makampuni, kesho itawafuata wao wenye kulalamika mitandaoni, na yeye kampuni anaiogopa lakini polisi anamwogopa zaidi. Wakampigia makofi. Mwanamke wa kiwandani akasema kwao wamewekewa kamera hata kwenye njia ya chooni na wanahesabiwa dakika. Mwenyekiti wa kamati, mama mwenye miwani kwenye ncha ya pua, alimwandikia kila mmoja mstari mmoja, kalamu yake inakwenda polepole kama aliyeyasikia haya katika miji mitano.

Kifungua alisimama.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mimi ni msikilizaji. Nafanya kazi kwenye kampuni hiyo, ghorofa ya pili. Tuko arobaini. Ukiongea na daktari wa simu, kuna siku tunakusikia sisi."

Kelele zikapanda. Msemaji wa kampuni, shati limepigwa pasi likasimama lenyewe, akanong'onezana na jirani yake. Nyuma kabisa, karibu na mlango, Kifungua alimwona Bwana Njano.

"Mnafanyaje?" akauliza mwenyekiti, ameinua kalamu.

Akaeleza vipande. Akaeleza koma na nukta. Akaeleza kitufe cha NAMJUA na dirisha linalofunguka. "Pasipo na maneno tunaandika alama. Kikohozi. Kilio. Kimya. Sasa mimi nauliza, mheshimiwa: kama ni mashine tu, hiyo mashine inaambiwa na nani kwamba huyu amenyamaza na huyu analia?"

"Vizuri. Tupe mfano mmoja. Umesikia nini, na kimemdhuru nani?"

Dakika ya pili ilikuwa imeanza. Kifungua alikuwa nao mfano, mzima, una kila neno mahali pake. Angeufungua mdomo tu, ungetoka wenyewe kama ulivyotoka mezani siku ile. Ukumbi wote ulikuwa umeinama kuelekea kwake. Hata feni ilionekana kungoja.

"Mfano ninao, mheshimiwa. Ila si wangu."

"Si wako kivipi?"

"Una mwenyewe. Nimemwomba, amekataa."

Wengine wakacheka. Mtu akapiga kelele, "Mama, sema bwana, tumekuja mbali!" Kijana wa fulana akasema, "Muacheni." Mwenyekiti akavua miwani.

"Mama yangu, bila mfano mimi naandika nini hapa?"

"Andika hivyo hivyo. Mtoa maoni aliomba ruhusa, akanyimwa, akanyamaza. Ni mara ya kwanza kuomba tangu nianze kazi hii. Miaka mitatu."

Msemaji wa kampuni akaomba nafasi. "Kamati imejionea," akasema kwa upole. "Hakuna mfano hata mmoja."

Kengele ya dakika mbili ikalia. Mwenyekiti akaandika mstari mmoja, kwa kalamu ile ile ya polepole. Akaitwa mwingine, naye alikuja kulalamikia nguzo ya umeme.

* * *

Jumatano asubuhi kitambulisho hakikufungua mlango. Kifungua alikipitisha mara tatu, kama mtu anayebisha kwa ndugu aliyenuna. Bwana Njano ndiye aliyemfungulia, akampa bahasha kubwa: kikombe chake, kandambili zake, na kitambaa alichokuwa anaweka kwenye hedifoni kuzuia jasho.

"Ulitia saini karatasi, shangazi," alisema. Hakuwa na ukali. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko miraba yake. "Tena wanasema ulitambua sauti, hukubonyeza kitufe. Mimi natumwa tu."

"Najua, mwanangu. Na wewe kuna anayekutazama."

"Yupo," akasema Bwana Njano, akatazama pembeni.

Ndani, migongo thelathini na tisa. Hakuna aliyegeuka, mkono ukiacha kazi mraba unabadilika. Isipokuwa Mwalimu. Mwalimu alikuwa amekunja mikono kifuani, hedifoni shingoni, anamtazama Kifungua mlangoni huku kioo cha msimamizi kikiwaka njano, kisha nyekundu. Alimwinamishia kichwa kidogo. Bwana Njano akaiona ile rangi, akakaa kwanza na kufunga kamba za viatu, zote mbili.

Nyumbani Mama alikuwa amesikia kila kitu redioni. Walikuwa wamerusha sauti yake, ile ya "si wangu", mara tatu, na wachambuzi wawili wakagombana: mmoja akasema ni mwongo, mwingine akasema ametishwa. Kifungua alijilaza kwenye mkeka, kipande cha juu cha mgongo kikauma, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu akalala mchana bila sauti ya mtu kichwani. Cherehani iliendelea chumba cha pili. Hakuna aliyesemeshana na mtu, hata kupitia kwa Mama.

Alhamisi aliamka kukiwa kumepambazuka. Alikuwa ameamua hatauliza. Alipika chai, akamimina, akaanza kuosha vikombe ambavyo havikuwa vichafu. Saa mbili Kitinda alitoka chumbani amevaa gauni la kutokea, kadi ya hospitali mkononi, iko wazi, haijafichwa. Alisimama mlangoni kama mtu aliyesahau kitu.

"Una kazi leo?" akauliza. Hakumwambia Mama amuulize. Alimuuliza mwenyewe.

"Sina kazi leo wala kesho."

"Nilisikia redioni." Kitinda akageuza kadi upande wa pili, akaigeuza tena. "Kumbe ulikuwa unaweza kunyamaza, na mdomo umejaa."

"Safari hii sikuwa nimesinzia."

Kitinda alitaka kucheka, kikatoka kitu kingine. "Vaa viatu basi. Usije na hizo kandambili, utanitia aibu."

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake, redio mapajani, imezimwa. "Hilo jino," akasema, "likitoka salama mniletee machungwa. Na lisipotoka salama, msinifiche. Mimi nimewazaa, sijazaliwa na nyinyi."

Kitinda aliinama akambusu kichwani.

Hospitalini benchi lilikuwa refu na namba yao ilikuwa arobaini na sita. Dirishani walikuwa wanaita ya kumi na tisa. Harufu ya dawa ya sakafu, mtoto analia mahali, mzee anakohoa. Kifungua alijishika asiweke mabano. Wakakaa bega kwa bega, mkono wa kushoto wa Kitinda upande wa ukuta usiguswe. Namba zikasogea. Thelathini. Thelathini na moja.

"Nataka kukwambia kitu," akasema Kitinda, akitazama mbele.

"Niambie."

"Unakijua."

"Sijaambiwa."

Kitinda akavuta pumzi kwa pua, ile pumzi yake. "Ilikuwa asubuhi. Nilikuwa natia vifungo kwenye gauni la yule mtoto wa shule. Kifungo kimoja kikaniponyoka, kikaviringika mpaka chini ya cherehani. Nikainama kukitafuta, nikajibana na meza hapa, nikasema ah, mbona panauma hivi."

"Cha rangi gani?"

"Nini?"

"Kifungo."

"Cheupe. Kina mstari wa bluu. Kwa nini?"

"Nataka tu kujua. Endelea."

Kitinda akaendelea. Alisema alivyokaa chini ya cherehani kwa muda mrefu, kifungo kiganjani, anaogopa kusimama. Alisema alivyomsikia Mama akimtukana mtangazaji na akacheka huku analia. Alisema alivyokwenda mlangoni mwa chumba cha dada yake jioni ile akamkuta amelala na viatu, akamvua kimoja, cha pili kikamshinda, akarudi. Hata neno moja la hayo Kifungua hakuwahi kulisikia. Alikuwa amemshika mkono wa kulia, na hakuweka koma popote.

Nesi wa dirishani akatoa kichwa. "Arobaini na sita! Dada, daktari anakusubiri."

"Asubiri kidogo," akasema Kitinda. "Namalizia."